Aliyelaghaiwa Ndiye Agharimiaye

Barabara ya Taifa nambari 2 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, itokayo Goma na kuelekea kaskazini hata Butembo na Beni, hukwea nyanda za juu za Lubero penye baridi na ukungu, na kati ya Kanyabayonga na Lubero mjini hukuta kituo cha Alimbongo, ambapo malori yamezoea kusimama kupakia viazi, vitunguu na mboga za vilimani. Biashara ya njia hii haikuasisiwa juu ya mikataba ya kupigwa mihuri bali juu ya amana. Mkulima humkabidhi dereva magunia yake kwa neno la mdomo, dereva humfikishia dalali wa sokoni, dalali huuza na kurudisha thamani kwa simu. Na mfanyabiashara wa Butembo, ambaye kontena zake hutoka Dubai na Guangzhou na kuingilia mpaka wa Uganda pale Kasindi, mara nyingi huagiza mali ya fedha nyingi kwa sababu tu inajulikana ni mtoto wa nani na ameoa kwa nani. Wataalamu waliokuja kuuchunguza mji huu wamestaajabia jinsi ulivyosimama kwa kuaminiana, katika pembe ya nchi ambayo kwa miaka mingi dola yenyewe ilikuwa karibu haionekani. Basi mtu akijipenyeza katika silsila hii kwa hila, akachukua asichostahiki na kutoweka, hamdhuru mmoja peke yake. Huwafanya wote waliobaki waogopane, na hofu hiyo hulipiwa kwa riba kubwa, kwa mikopo inayokataliwa, na kwa mkulima kuuza mzigo wake kwa hasara papo hapo shambani kuliko kumwamini mtu wa mbali.

Swali ninalotaka kulizungumza halijapata haki yake katika Kivu ya Kaskazini, kwa kuwa sauti ya bunduki huyafunika mengine yote: raia aliyelaghaiwa, akienda kwa polisi, hukuta nini? Ana sheria gani ya kumlinda, ana mpelelezi gani wa kumsaidia, na ni nani atoaye fedha za upelelezi huo? Jawabu langu nalitanguliza ili msomaji ajue ninakompeleka. Sheria ipo, tena si haba, lakini upelelezi umeachwa uwe mzigo wa yule yule aliyekwisha kuibiwa. Na madhali hali ni hiyo, kila sheria mpya itungwayo Kinshasa itafika Alimbongo ikiwa karatasi tupu.

Kanuni ya Adhabu ya Kongo iliandikwa zama za Wabelgiji, kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940, na ingawa imerekebishwa mara nyingi, vifungu vyake juu ya hadaa za mali vimesimama karibu kama vilivyokuwa. Kifungu cha 98 ndicho kinachomhusu laghai hasa: mtu aliyejipatia mali ya mwenziwe kwa kutumia jina la uongo au cheo asicho nacho, au kwa kutunga hila za kumsadikisha kwamba ipo shughuli, au uwezo, au mkopo, ambao kwa hakika haupo. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 pamoja na faini. Kifungu cha 95 humshika aliyepewa amana akaifanyia khiyana. Cha 96 humshika auzaye nyumba au kiwanja akijua fika kuwa si chake, kosa ambalo wakazi wa Butembo na Beni wanalijua kwa machungu. Na cha 124 humshika mwenye kughushi maandishi. Kesi ya ulaghai, kwa kuwa adhabu yake haizidi miaka 5, huangukia katika mahakama ya amani, ambayo sheria ya Aprili 2013 ya kupanga mahakama imeiweka iwe ngazi ya kwanza na iliyo karibu zaidi na mwananchi. Mtunga kanuni wa mwaka 1940 hakuijua simu ya mkononi wala hakuiota, lakini maneno yake yanamwenea barabara mtu wa leo apigaye simu usiku akijiita mtumishi wa kampuni, akimwomba mkulima amsomee tarakimu zake za siri.

Yapo yaliyochakaa, bila shaka. Faini nyingi za kanuni hiyo zimebaki zimeandikwa kwa zaire, sarafu iliyobadilishwa mwaka 1998. Lakini uchakavu huo ni wa kupakwa rangi tu, haumfanyi laghai alale kwa raha. Kinachomlaza kwa raha ni yakini yake kwamba hakuna atakayemtafuta.

Kabla ya kuufikia upelelezi wenyewe sina budi kukawia juu ya jambo moja, ambalo nadhani limeharibu kazi ya polisi kuliko uhaba wa petroli. Mashtaka mengi yanayofikishwa kituoni kwa jina la ulaghai si ulaghai, ni deni. Mtu aliyekopa mali kwa nia njema, kisha gari lake likachomwa moto na waasi katika njia ya Beni na Kasindi, akashindwa kulipa kwa wakati, huyo ni mdaiwa. Mkopeshaji wake anastahili kumpeleka mahakamani kwa daawa ya madai na kupimiana naye muda na kiasi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi hii, ikiitwa Zaire, ilijiunga nao mwaka 1976, umekataza waziwazi mtu kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza sharti la mkataba. Lakini mkopeshaji anajua kwamba daawa ya madai huchukua miezi na mawakili, ilhali mdaiwa akitiwa kashoti, yaani mahabusu ya polisi, asubuhi, jamaa zake watauza mbuzi na mabati na kuleta fedha kabla ya jua la pili kuchwa. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara yake ya 18, imeweka mpaka wa saa 48 kwa mtu kuzuiwa na polisi bila kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Mpaka uliowekwa kumhifadhi raia umegeuzwa kuwa muda wa kumkamua.

Hivyo afisa wa polisi ya mahakama, yule ambaye kila Mkongomani humwita OPJ, amefanywa mkusanya madeni. Kazi hiyo ina faida ya upesi: mdaiwa anajulikana nyumba yake, hahitaji kutafutwa, na mwenye kulipwa deni hutoa shukrani. Laghai wa kweli hana nyumba inayojulikana, jina alilolitumia si lake, na kumtafuta ni hasara kwa anayemtafuta. Mtu yeyote aliye na mshahara mdogo na jamaa wengi, akiwekwa mbele ya mafaili hayo mawili, ataanza na la kwanza. Sisemi haya kwa kuwalaumu maofisa mmoja mmoja, ambao wengine wao ni watu waadilifu wanaofanya kazi katika dhiki isiyoelezeka. Nasema kwamba utaratibu wenyewe unawasukuma huko. Katika marekebisho yote ya sheria ninayoyatamani, hili ndilo ningelitanguliza: shtaka lolote la mali, kabla mtu hajakamatwa, lipitiwe na hakimu wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ili aamue kama ni jinai au ni madai, na OPJ amzuiaye mtu kwa deni awajibishwe.

Sasa tumfuate mlalamikaji wa haki. Tuseme ni mama, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kile ambacho katika vijiji vya Lubero huitwa AVEC, na ambaye kwa kuhofia wanyang'anyi ameacha kuhifadhi fedha za wenziwe sandukuni akazihifadhi katika simu. Huduma hiyo si ngeni tena: M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money zikashindana nayo, na katika nchi ambayo benki ziko mijini tu, simu imekuwa benki ya mnyonge. Siku moja mama huyu anapokea ujumbe kwamba amepokea fedha, na mara simu inalia, sauti ya unyenyekevu inamwambia, "Mama, nisaidie, nimekosea nambari, nirudishie, mtoto wangu yuko hospitali." Anarudisha, kwa imani na huruma, kisha anapotazama salio lake anagundua kwamba ule ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kughushi, na alichokirudisha ni akiba ya wanawake wenziwe.

Saa ya kwanza baada ya hapo ndiyo yenye thamani kuliko siku zote zitakazofuata, kwa kuwa fedha bado zimo katika mfumo wa kampuni na zingeweza kuzuiwa. Mama anakwenda kituo cha polisi. OPJ anamsikiliza na kuandika prosè-verbali, yaani hati ya maelezo yake, kwa mkono, na si mara chache mlalamikaji huambiwa akanunue karatasi. Ili kujua nambari ile imesajiliwa kwa jina la nani, na fedha zilipita wapi na kutolewa kwa wakala gani, kampuni ya simu inapaswa kuulizwa. Na kampuni, kwa haki kabisa, haiwezi kufungua siri za mteja kwa ombi la kila ajaye, bali kwa hati ya mamlaka ya mahakama. Hati hiyo hutafutwa parke, na parke iko Butembo. Faili haliwezi kutembea lenyewe: anatakiwa mtu wa kulibeba, pikipiki ya kumpeleka, mafuta ya pikipiki, chakula cha njiani, na ofisi ya polisi ambayo haina fungu la gharama hizo humgeukia aliye mbele yake. Hati ikipatikana, hupelekwa kwa kampuni, ambayo makao yake makuu yako Kinshasa. Jibu likirudi, huenda limepita juma au mwezi, na linasema kwamba fedha zilitolewa taslimu dakika chache baada ya kuingia, katika mji mwingine, kwa kadi ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Maana sheria inataka kila kadi iandikishwe kwa kitambulisho, lakini kadi zilizokwisha kuandikishwa kwa majina ya wengine huuzwa barabarani.

Kwa kuwa mkosaji hapatikani, jicho la upelelezi huangukia aliye karibu, naye aghalabu ni wakala wa kibanda aliyetoa fedha zile. Huyu huitwa, huzuiwa, huambiwa alipe. Naye kwa kawaida ni kijana aliyefuata taratibu zote za kazi yake. Dhuluma ya kwanza imezaa ya pili, na mama wa kikundi, aliyetumia nauli na posho zaidi ya alichoibiwa, anarudi nyumbani akiwa na deni na aibu, kwa sababu wenziwe wengine hawasadiki kwamba aliibiwa.

Watu wengine husema: basi mlalamikaji na aende mahakamani moja kwa moja, kwani sheria ya Kongo inamruhusu aliyedhulumiwa kumwita mshtakiwa mbele ya hakimu bila kupitia polisi. Ni kweli, na ni njia njema kwa aliyeuziwa kiwanja cha mtu mwingine na jirani anayemfahamu. Lakini wito wa mahakama unataka jina na makazi, na katika ulaghai wa simu hayo ndiyo hasa yanayotafutwa.

Mtu asidhani kwamba dola ya Kongo haiwezi kupeleleza ulaghai. Iliweza, tena juu ya fedha zilizotolewa kwa ajili ya eneo hili hili. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola ya Mangina, karibu na Beni, ambayo ilienea Beni na Butembo hata ilipokwisha Juni 2020 ikiwa imewaua watu 2,287. Fedha nyingi za nje na za ndani zilimiminwa katika kupambana nayo, na pamoja na fedha zikaja hila: malalamiko yakazagaa ya watu waliotozwa ili waandikwe kazi, na ya magari yaliyokodishwa kwa bei zisizo na mfano. Septemba 2019 polisi wa Kinshasa walimkamata Dakta Oly Ilunga, aliyekuwa Waziri wa Afya, na Machi 2020 Mahakama ya Rufani ya Mwisho ikamhukumu miaka 5 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa dola zaidi ya 400,000 za Ebola, ingawa yeye aliyakana mashtaka. Wapelelezi walifuatilia akaunti, wakahoji watumishi, wakakusanya hati, na mambo hayo yote yalifanyika katika miezi michache. Kwa hiyo ujuzi haukosekani. Kilichokosekana ni kuujaalia ujuzi huo ufike kwa mama wa AVEC, na kwa wale vijana wa Beni waliotozwa fedha za kuandikwa kazi, ambao hakuna mahakama ya juu iliyokaa kwa ajili yao.

Kisha zikaja hali za dharura. Kuanzia tarehe 6 Mei 2021 mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Gavana akawa jenerali. Na mameya wa Butembo na Beni wakawa maofisa wa polisi, ambao badala ya kusimamia doria na wapelelezi wakapewa kusimamia soko, taka na kodi. Ibara ya 156 ya Katiba ikaruhusu mahakama za kijeshi zichukue nafasi ya mahakama za kiraia katika mambo ya jinai. Tafakari maana yake kwa jambo tunalolizungumza: mtu wa kawaida, katika kesi ya kawaida, alijikuta mbele ya mahakimu wa kijeshi, ambao walikuwa wachache na walikuwa tayari wameelemewa na kesi za mauaji, uasi na ujambazi. Shirika la Amnesty International liliandika juu ya haya Mei 2022, likieleza jinsi haki za raia zilivyobanwa katika mikoa hiyo miwili. Rais alitangaza Oktoba 2023 kwamba hali hiyo italegezwa kidogo kidogo. Lakini mafaili yaliyohama kutoka kabati hata kabati katika miaka miwili hiyo, si rahisi kuyapata yote tena.

Na vita havikungoja. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Desemba ya mwaka ule ule Alimbongo nayo ikatwaliwa. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka, na makao ya serikali ya mkoa yakahamia Beni. Benki za Goma zikafunga milango, na watu ambao hapo awali walitumia simu kwa hiari wakalazimika kuitumia kwa dharura, wakituma na kupokea kwa mawakala wasiowajua, wakilipa ujira wa juu, wakikubali bei yoyote. Hakuna hali inayomfaa laghai kuliko hiyo. Mkimbizi wa ndani anayesubiri fedha za msaada kwa simu, baba anayemtafuta mtoto aliyepotezana naye njiani, mtu aliyeahidiwa kupitishwa mpaka: kila mmoja ana haja inayomfanya asikie anachotamani kusikia. Na juu ya hayo, barabara ile ile moja sasa ina mamlaka mbili zisizotambuana, na mstari unaozitenganisha hauzuii mawimbi ya simu.

Ni kwa nuru hii, au tuseme katika giza hili, ndipo tuziangalie sheria mpya. Ziko mbili zinazohusika hasa. Ya kwanza ni Kanuni ya Dijitali, iliyotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Kanuni hii imelipa andiko la elektroniki uzito wa ushahidi sawa na wa karatasi, imeorodhesha makosa yatendwayo kwa njia ya kompyuta na simu, na imetaja vyombo vya kitaifa vya kusimamia usalama wa mitandao na hifadhi ya taarifa za watu. Kabla yake, wakili mjanja angeweza kubishana siku nzima kwamba picha ya ujumbe wa simu si ushahidi. Ya pili ni sheria nambari 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022 juu ya kutakatisha fedha, ambayo imetia nguvu kazi ya CENAREF, idara ya taarifa za fedha iliyoasisiwa na sheria ya mwaka 2004, na kuwataka wenye mabenki na wenye huduma za fedha kutoa habari za miamala ya shaka. Haikuwa bahati kwamba sheria hii ilikuja wakati ule: miezi miwili kabla, Oktoba 2022, Kongo ilikuwa imewekwa na FATF, jopo la kimataifa la kupambana na fedha haramu, katika orodha ya nchi za kuangaliwa kwa karibu, siku moja na Tanzania na Msumbiji. Tanzania ilitolewa katika orodha hiyo Juni 2025.

Sheria hizi nazisifu kwa dhati. Lakini naomba msomaji azipime kwa kigezo kimoja tu: zimempa nini OPJ wa Alimbongo, au tuseme sasa, wa Butembo? Kanuni ya Dijitali inamtazamia mpelelezi ajuaye kuhifadhi alama za elektroniki zisiharibike, na aliye na kompyuta, umeme na intaneti. Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai anayoifuata kila siku ni amri ya tarehe 6 Agosti 1959, na mamlaka yake kama OPJ yanatokana na amri ya Julai 1978. Sheria ya Agosti 2011 iliyoipanga upya Polisi ya Taifa iliahidi polisi ya kiraia, isiyo ya kisiasa, iliyo karibu na wananchi. Msaada wa Uingereza uliokusudiwa kuitimiza ahadi hiyo, pamoja na mafunzo yake, ulikatizwa mwaka 2014, baada ya polisi kutuhumiwa kwa mauaji katika Operesheni Likofi mjini Kinshasa. Na kukatizwa huko kulikuwa halali, lakini hakukuachiwa mbadala. Machi 2025 serikali ilitangaza kuzidisha maradufu mishahara ya wanajeshi na polisi, na hilo ni jema. Mshahara humzuia afisa asile kwa mlalamikaji; haununui petroli wala karatasi, wala haumfundishi kusoma orodha ya miamala.

Msiba huu si wa Kongo peke yake. Uingereza, nchi tajiri yenye polisi wa siku nyingi, Ofisi yake ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza Novemba 2022 kwamba ulaghai ulikuwa asilimia 41 ya makosa yote yaliyowapata watu binafsi katika mwaka ulioishia Juni 2022, ilhali polisi waliopangiwa kazi hiyo walikuwa chini ya asilimia 1. Huko nako polisi walipenda zaidi kosa lenye mlango uliovunjwa. Ila Waingereza walifanya jambo moja ambalo laifaa Afrika kuliko Ulaya. Kuanzia tarehe 7 Oktoba 2024, mteja aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe hurudishiwa na benki, hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Hekima yake ni nyepesi kuifahamu: yule anayeweza kuuzuia ulaghai ndiye amebebeshwa hasara yake, na tangu hapo ana sababu ya kuuzuia. Tanzania imeshika njia nyingine, isiyo ghali: usajili wa kadi za simu kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulikuwa Januari 2020, na nambari 15040 ambayo mtu yeyote huipelekea ujumbe wa kitapeli ili nambari ya mtumaji ishughulikiwe. Kenya kwa miaka mingi ina kikosi cha polisi wa ulaghai wa benki kilichowekwa ndani ya Benki Kuu yenyewe, ili mpelelezi na mtunza hesabu wawe chini ya paa moja.

Wazee wa Kinshasa wanakumbuka Bindo. Katika miaka ya 1990 na 1991, Zaire ikiwa inazama, mchezo wa fedha uliobeba jina la mwenye kuuanzisha uliahidi faida isiyo na kadiri kwa muda mfupi, na watu wakauza friji na magari ili wasiachwe nyuma. Waliotangulia wakalipwa kwa fedha za waliofuata, hata ikafika siku fedha za kuwalipa zikakosekana. Dola iliutazama ukikua mchana kweupe. Kifungu cha 98 kilikuwepo vile vile, lakini kilingoja mlalamikaji, na mlalamikaji wa mchezo wa namna hiyo hatokei mpaka fedha zimekwisha. Ndiyo maana sioni fahari ya kuongeza miaka ya kifungo. Ninachotaka ni mamlaka ya kuzuia fedha mapema, kabla ya faili kukamilika.

Basi niseme ninachodhani kinawezekana hata katika hali hii ya vita. Parke za Butembo na Beni zinaweza kupewa, kwa waraka wa Waziri wa Sheria tu, hakimu mmoja wa zamu mwenye kupokea kwa simu, mchana na usiku, ombi la OPJ wa kituo chochote, na kutoa hati ya kuzuia muamala kwa saa 72. Kampuni za simu zilazimishwe kuwa na mtumishi wa kuitikia hati hiyo papo hapo, naye akae mkoani. Hilo halidai jengo wala gari. Fungu la upelelezi liandikwe katika bajeti kwa jina lake, lifike kwa kila kituo, na risiti zake zisomwe na Mkaguzi Mkuu wa Fedha, ambaye ofisi yake katika miaka ya karibuni imeonyesha kwamba ikiamua huogopwa. Na ipigwe marufuku, kwa adhabu ya wazi, kumtoza mlalamikaji nauli au karatasi. Wapo watakaosema hazina haina kitu wakati huu. Kampuni za simu huchuma ujira katika kila muamala, na sehemu ndogo ya ujira huo, iliyotengwa kwa sheria, ingewatosha wapelelezi wa mkoa mzima kwa petroli na kompyuta. Na yule anayefaidika na njia ndiye anayepaswa kuchangia ulinzi wake.

Kuhusu mpaka wa Kasindi, ambao laghai huuvuka kwa kadi ya Uganda mfukoni, Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, nayo imo katika umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki uitwao EAPCCO. Ombi la Butembo kwa Kampala leo hupanda hadi Kinshasa ndipo lishuke. Ingefaa maofisa wa Beni na wa Kasese, upande wa Uganda, wapewe ruhusa ya kuandikiana wenyewe kwa makosa ya fedha chini ya kiwango fulani, jinsi wafanyabiashara wa pande hizo mbili wanavyoandikiana kila siku.

Na lipo la Alimbongo. Watu wake wengi wametawanyika Lubero, Butembo na Beni, na kosa lililotendwa shambani kwao au katika simu zao kabla ya kukimbia, OPJ wa walikokimbilia husema si la eneo lake. Waziri wa Sheria awaelekeze mahakimu wa parke, kwa waraka ule ule, kwamba shtaka la ulaghai la mkimbizi wa ndani lipokewe popote alipo, liandikwe siku hiyo hiyo, na nambari ya faili lake apewe mkononi kabla hajatoka ofisini.